Kwa Nini Usevya Wananiita Miguu Minne

Ukipita Usevya leo ukauliza nyumba ya Mzee Masanja, watu watakutazama kidogo, halafu mmoja atasema, "Aa, unamtafuta Miguu Minne," na wengine wote watacheka, hata watoto ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa. Huyo Miguu Minne ni mimi. Aibu yenyewe niliipata mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, nikiwa nimevaa kaunda suti, na kwa kuwa kila mtu anaisimulia anavyotaka (yupo anayesema ng'ombe walikuwa mia, mwongo huyo), nimeona bora niisimulie mwenyewe mwenye mali.

Kwanza mjue mimi ni nani. Nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, baba yangu alikuja shuleni na fimbo akasema ng'ombe hawajichungi, nikatoka. Nikatoka kweli, wala sioni haya kusema, maana kwa miguu yangu hii nimeswaga ng'ombe kutoka Usukumani mpaka huku Mpimbwe, nikafyeka pori, nikalima mpunga, nikanunua plau, nikajenga nyumba ya bati wakati walionizidi darasa walikuwa bado wanaezeka nyasi. Hakuna aliyenipa hata kwato. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna jambo hajui, haimwingii akilini haraka. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Miaka hiyo ilikuwa katikati ya tisini, huku kwetu tulikuwa bado mkoa wa Rukwa, Katavi lilikuwa jina la mbuga tu. Binti yangu Kabula alikuwa darasa la nne. Darasa la nne zamani lilikuwa na mtihani wake, ukishindwa unarudia, na Kabula alishawahi kurudia la tatu. Sasa mimi na mdomo wangu, siku moja ndugu zangu wametutembelea, wakaanza maneno ya mtoto wa kike kuzeekea shule, nikasema mbele yao wote kwamba akirudia tena namtoa, akae nyumbani amsaidie mama yake. Nikishasema mbele ya ndugu nimesema. Mama Kabula aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa, na Kabula alikuwa nyuma ya mlango, alisikia.

Basi shule ikaita wazazi wa darasa la nne. Nikaenda, nikakaa mbele (mimi sikai nyuma). Mwalimu wa hesabu alikuwa mama mmoja Mfipa, Mwalimu Anastazia, mfupi, sauti ndogo, lakini akiongea husikii hata mtu akikohoa. Akasema watoto wetu tunawaleta shule kama tunavyopeleka mahindi mashineni, tunamwaga tunaondoka, tunategemea kurudi kuchukua unga. Akasema mtoto anahitaji mzazi nyumbani, wala si lazima mzazi awe amesoma. Kaa naye, muulize leo umejifunza nini, msikilize, mpe muda ajibu. Na vifaa msiseme hamna, magunzi yapo, maharage yapo, mifugo ipo, hesabu zote ziko uani kwenu.

Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu. Mifugo.

Baada ya mkutano akaniita pembeni, akaniambia Kabula anaandika vizuri, anasoma vizuri, ila kwenye hesabu ukimsimamisha anaangalia chini, anakaa kimya mpaka unamhurumia unamwambia akae. "Mzee, sidhani kama hajui," akasema. "Nadhani anaogopa kukosea. Na mtihani hauko mbali."

Nikarudi nyumbani nachemka kama sufuria. Yaani mimi, mtu niliyefuga miaka yote hii, mtoto wangu ashindwe hesabu wakati uani kuna zizi? Nikamwita Kabula hapo hapo, jua linaelekea kuzama, ng'ombe ndio wanaingia, vumbi limejaa, nikamwambia simama hapa langoni, mayu (sisi binti tunamwita mama), tunaanza shule.

Sasa kuna jambo moja lazima niwaeleze, vinginevyo hamtaelewa kilichotokea. Baba yangu alitukataza kuhesabu ng'ombe. Kwetu ng'ombe unamjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake, unasimama langoni jioni unawatazama wanapita na moyo unakwambia nani hayupo. Ukianza kusema mmoja, wawili, watatu, unawaonyesha kidole, na baba alisema aliyewahi kufanya hivyo zizi lilimkimbia. Mimi nimeshakuwa mtu mzima, nimesikia mengi, lakini amri ya baba ni amri ya baba. Nikasimama pale na mtoto, nashika kidevu. Tunahesabu nini sasa?

Ndipo likanijia, na sitaficha, nilijiona mimi ndiye niliyepaswa kupewa hiyo shule. Hatuhesabu ng'ombe. Tunahesabu miguu.

Jamani, ilishika kama moto kwenye nyasi za mwezi wa nane. Anaingia huyu, minne. Anaingia huyu, minane. Kumi na miwili, kumi na sita. Siku za kwanza Kabula alikuwa ananong'ona, lakini baada ya muda akawa anapaza sauti mpaka mbwa wanabweka, na mimi narukaruka pembeni kama kijana aliyeona mchumba. Tukamaliza miguu tukaenda masikio, mawili mawili, tukaenda pembe (hapo palikuwa patamu, maana Mwekundu wangu pembe moja ilivunjika, kwa hiyo jumla lazima upunguze), tukaenda na chuchu. Ilifika mahali nikimwambia funga macho, sikiliza kwato, ananiambia imeshapita miguu mingapi. Mimi mwenyewe darasa langu la pili likarudi, nikawa nahesabu njiani nikienda shamba, nahesabu miguu ya kuku, ya viti, ya watu kanisani.

Kosa langu lilikuwa moja, na Mama Kabula aliliona mapema. Mtoto akiulizwa akachelewa, akatazama juu kidogo atafute, mimi siwezi kuvumilia. Nashikwa na kitu hapa kooni. Namjibia. Mama Kabula akawa anasema kutoka jikoni, "Baba Kabula, si umwache amalize?" Namwambia namsaidia. Anasema, "Unamsaidia nani? Mwalimu alisema umpe muda." Namwambia wewe pika.

Nikaanza kujisifu. Sikuanza taratibu. Jirani yangu Mzee Kalyalya, mwenyeji wa hapa, Mpimbwe mwenye ulimi (tumetaniana mpaka wake zetu wamechoka kutupatanisha), nilimkuta mashineni na gunia lake, nikamwambia siku hizi kwangu ni shule, mwalimu nina mmoja tu, mimi. Akaniuliza darasa la pili linafundisha darasa la nne? Nikamwambia njoo uone. Akaja, akaona, akaondoka bila neno, na Kalyalya kuondoka bila neno ni habari ya kutangaza redioni. Maneno yakafika shuleni.

Siku ya wazazi ikawa inakaribia, kila darasa lionyeshe kitu chake, na mratibu wa elimu angekuja kuwa mgeni rasmi. Mwalimu Anastazia akatuma salamu kwamba angependa mimi na Kabula tuonyeshe wazazi wengine jinsi tunavyofanya hesabu nyumbani. Akasema wazi kabisa, atatuandalia kikapu cha magunzi, kila gunzi litakuwa ng'ombe mmoja.

Hapa ndipo niliposhika njia ya aibu, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba tu. Nilijiuliza, gunzi la nini? Gunzi ni la mtu asiye na ng'ombe. Mimi ninao. Nitasimama mbele ya mgeni rasmi na mbele ya Kalyalya nikionyesha takataka za mahindi niseme hawa ni ng'ombe wangu? Mama Kabula akasema, "Mwalimu amesema magunzi." Nikamwambia mwalimu hajafuga.

Asubuhi ya siku hiyo nikavaa kaunda suti yangu ya kijivu, niliyoishona wakati nikiwa mwembamba, na viatu vya ngozi, nikachagua ng'ombe tisa (baba nisamehe, leo nimewataja, ila ni kwa ajili ya hadithi), wazuri tupu, Mwekundu mbele, nikawaswaga mwenyewe mpaka shuleni. Kabula alikuwa ametangulia na wenzake. Nilipotokea kwenye uwanja wa mpira watu wote waligeuka. Kulikuwa na turubai, meza kuu ina kitambaa chekundu na maua kwenye chupa, masufuria ya wali na nyama yako nyuma ya ofisi, bustani ya mchicha ya shule imemwagiliwa inang'aa. Mwalimu mkuu alinikimbilia, uso umebadilika, akasema, "Mzee wangu, hawa wa nini tena?" Nikamwambia ni vifaa. Alitaka kunirudisha, lakini mgeni rasmi alishaona, akacheka, akasema mwacheni mzee, huyu ndiye mzazi ninayemtafuta. Nikamtazama Kalyalya. Kalyalya akatazama viatu vyake.

Kabula akaitwa mbele. Amevaa sketi ya bluu na shati jeupe, mama yake amemsuka vizuri, na ng'ombe wamesimama nyuma yake wametulia kama wamelipwa. Mwalimu Anastazia yuko pembeni na kikapu chake cha magunzi. Mgeni rasmi akainama kidogo, kwa upole kabisa, akamuuliza, "Binti, ng'ombe hawa wote wana miguu mingapi?"

Kabula akatazama juu kidogo, anatafuta.

"Thelathini na sita," nikasema.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikidhani wamefurahi. Mgeni rasmi akasema vizuri mzee, sasa tumuulize binti, na pembe je, ni kumi na nane? Kabula akafungua mdomo, namwona kabisa anataka kusema, na mimi kile kitu cha kooni kikanishika, nikasema kumi na saba, Mwekundu amevunjika moja. Sasa kicheko kilikuwa kingine. Kalyalya akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kumbe anayefanya mtihani ni baba." Mgeni rasmi akanigeukia, bado ana adabu yake, akasema, "Mzee, tunamuuliza mtoto."

Nikamtazama Kabula. Alikuwa anaangalia chini. Vilevile alivyosema mwalimu, mikono nyuma, macho kwenye vidole vya miguu. Jioni zote zile za zizini, kelele zote zile, nilikuwa nimezifuta kwa majibu mawili, mbele ya watu wote, na mbele ya mtu ambaye akirudi atasema mtoto wa Masanja hajui kitu. Na ndugu zangu nilishawaambia akirudia namtoa.

Mwalimu mkuu, masikini, alitaka kuniokoa. Akawapungia mkono wanafunzi wa ngoma, maana yake pigeni tuendelee na ratiba. Nao wakapiga. Walikuwa wamesimama hatua chache nyuma ya Mwekundu.

Ng'ombe wangu wamewahi kusikia simba. Wamewahi kusikia radi ya Mpimbwe, na radi ya Mpimbwe si ya mchezo. Lakini ngoma sita za shule zikipigwa kwa pamoja kwenye mkia, hiyo hawajawahi. Walitawanyika kama mbegu zilizomwagwa. Wawili walipita chini ya turubai, turubai likaja chini na wazee wetu ndani yake. Mmoja akapita na kamba ya maua ya karatasi shingoni, anazidi kukimbia kwa sababu ya hayo maua. Watatu walikwenda moja kwa moja kwenye mchicha (hao sikuwalaumu, nilikuwa sijawalisha vizuri asubuhi ili wasichafue uwanja). Meza kuu ikapinduka, soda zikamwagika, mgeni rasmi akapanda juu ya kiti, kiti kikazama upande mmoja, akashuka akapanda kingine. Mama mmoja wa jikoni alikuwa amekumbatia sufuria la nyama anakimbia nalo kuzunguka ofisi. Na mimi nakimbia, naita huyu, namzuia yule, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope ya bustani, nikaruka kigingi kimoja cha turubai na hapo suruali ikaamua imechoka. Ilipasuka kutoka huku mpaka huku. Sauti yake ilisikika, maana ngoma zilikuwa zimeshanyamaza.

Wanaume walinisaidia, hata Kalyalya, anakimbiza ng'ombe huku analia kwa kucheka. Mwishowe tukawabana kwenye goli la mpira, wanahema. Nikaja mbele nimeshika suruali kwa nyuma kwa mkono mmoja, fimbo kwa mkono mwingine, mguu mmoja peku, nikasema samahani mgeni rasmi, samahani walimu, nitalipa kilichoharibika, ng'ombe wote wapo, naomba niondoke. Hata sikuwa nimewatazama vizuri. Nilitaka tu kutoweka.

"Baba, miguu minne haipo."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Kabula hakuwa ameondoka pale aliposimamishwa. Watu wote walikuwa wamekimbia, yeye alibaki palepale katikati ya uwanja.

Nikamwambia nyamaza wewe, ng'ombe wangu nawajua. Nilisema kwa ukali, mimi mtu wa suruali iliyopasuka.

Hakunyamaza. "Golini ipo thelathini na miwili," akasema. "Tulikuja na thelathini na sita."

Mgeni rasmi akashuka kwenye kiti, akapangusa koti lake, akamsogelea. "Kwa hiyo binti, wamepungua ng'ombe wangapi?"

Akatazama juu kidogo, anatafuta. Na kile kitu kikanishika kooni, mnajua tena, neno limeshafika kwenye meno. Hapo Mwalimu Anastazia akageuka akanitazama. Alichukua gunzi moja kutoka kwenye kikapu chake akaninyooshea, kama unavyompa mtoto kitu cha kushika ili atulie. Mimi, Masanja, nikalipokea. Nikalibana kwa meno. Sijui kwa nini nililipokea kwa mdomo, labda kwa sababu mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika suruali na mwingine umeshika fimbo, lakini nililiuma kweli.

"Mmoja," Kabula akasema. "Ni Mwekundu."

Hapo hapo kitu kikavunjika ndani ya ofisi ya walimu. Halafu mlango ukasukumwa kwa ndani, taratibu, akatoka Mwekundu, amevaa kitambaa cha meza kuu kwenye ile pembe yake moja, kinamning'inia mgongoni kama bibi harusi, anatafuna maua ya mgeni rasmi bila haraka. Akatutazama wote. Akaendelea kutafuna.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile, na sitasikia tena. Kalyalya alilala chini kabisa. Ndipo kilipoanzia kile kibwagizo cha "miguu minne, miguu minne", na kikawa jina langu mpaka leo. Lakini katikati ya kicheko nikasikia makofi, na makofi hayakuwa yangu. Mgeni rasmi alikuwa amemshika Kabula mkono ameuinua juu, wazazi wanapiga makofi, wanafunzi wanapiga, na Kabula alikuwa anatazama mbele. Anatazama watu usoni. Mimi nimesimama na suruali yangu na gunzi mdomoni, machozi yananitoka, na sikuweza kujua ni ya aibu au ya nini. Nikafikiri pia kwamba mtoto hakuwahesabu ng'ombe, alihesabu miguu tu, akamtaja aliyekosekana, hata baba yangu asingekuwa na la kusema.

Nililipa. Nilipeleka mchele na maziwa, nikazungushia bustani ya mchicha uzio wa miti kwa mikono yangu mwenyewe, wanafunzi wakipita wananisalimia, "Shikamoo Mzee Miguu Minne," nami naitika marahaba. Siku niliyomaliza uzio Mwalimu Anastazia alikuja, akatikisa nguzo kuona kama imeshika, akasema, "Umemfundisha vizuri sana, Mzee. Sasa umebakiza somo moja tu, na ni lako."

Mtihani ulipofika Kabula alipita, akaingia la tano. Ndugu zangu walipokuja tena wakaanza maneno yao, safari hii sikuwajibu kitu. Nilimwita Kabula aje awasalimie, halafu nikawaambia wamuulize wao wenyewe. Walimuuliza mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo nawaambieni nyie wazazi, na hasa nyie mliojijenga wenyewe mkadhani kila kitu mnaweza kukifanya kwa nguvu. Kaa na mtoto. Tumia kilichopo, kunde, mawe, miguu ya meza. Uliza, halafu funga mdomo, na ng'ombe waache nyumbani, wangu hawajakanyaga tena uwanja wa shule wala hawatakanyaga nikiwa hai. Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu kuliko plau. Mimi mpaka leo wajukuu wakikaa na madaftari barazani nachukua kijiti cha mswaki nakibana kwa meno, ndipo nakaa nao. Juzi yule mdogo aliulizwa saba mara nane, akatazama juu, akatafuta, akatafuta, mpaka jasho likanitoka mimi. Kijiti kilikatika vipande viwili. Neno halikutoka.